Mwaka Nilioziba Mikanda ya Nyuma

Wasomaji wangu, mnisamehe kwanza kwa mwandiko huu. Mkono wangu umezoea mkasi kuliko kalamu, na nikiandika mistari miwili chai yangu inapoa. Niliishia darasa la saba, na kwetu Ngara R na L hulala nyumba moja, kwa hiyo mkikuta moja imekalia kiti cha mwenzake, isomeni tu hivyo hivyo mpite. Nisingeandika kama si Evodia. Mama yake, ambaye sisi sote tulimwita Mama Evodia, alitutoka msimu wa mvua uliopita, mzee wa kutosha, ameshapewa sakramenti, watoto wake wamemzunguka, na hata kwenye msiba wake watu walicheka kuliko walivyolia. Siku ya kumaliza matanga tulikuwa nyuma ya nyumba tunamenya ndizi. Evodia, aliyekuwa amekuja na mumewe na watoto kutoka Nyabusozi, akanigusa goti kwa mpini wa kisu. "Devo, hawa wanangu hawamjui bibi yao. Waandikie ule mwaka wa makava." Nikamwambia mimi si mtu wa kuandika. "Hata kushona hukuwa mtu wa kushona," akasema, "mama akakuvumilia." Wanawake wakacheka, nami nikainamia ndizi zangu kama nilivyokuwa nikiinama nilipokuwa na miaka kumi na tisa. Aibu ile haijaniisha. Imepungua makali tu.

Karakana ya Mama Evodia ilikuwa Rusumo, nyuma ya uwanja ambapo malori husubiri karatasi zao ndipo yavuke daraja kwenda Rwanda. Ilikuwa chumba kimoja kirefu cha mabati, na ndani yake kulikuwa na cherehani tatu, meza ya kukatia iliyokuwa ndefu kuliko kitanda, marobota ya leza, ile ngozi ya bandia, yaliyosimamishwa pembeni kama wageni waliokosa viti, na sponji juu ya dari. Harufu ya gundi ilikuwa inatuingia hadi kwenye maharage. Tulishona makava ya viti vya magari, mapazia ya malori, na mara moja moja godoro la dereva anayelala ndani ya gari lake. Saa saba mchana meza ya kukatia ilipanguswa, kikatandikwa kipande cha leza kilichobaki, na juu yake kikaletwa chakula: bugari, yaani ugali wa muhogo, maharage yaliyoungwa kwa mawese, siku nyingine dagaa. Dereva yeyote aliyekuwa anasubiri kava lake alinawa akala nasi. Mimi nilikaa mwisho wa meza karibu na dirisha, kwa sababu pale ukiulizwa jambo unaweza kujifanya unatazama nje. Sasa karakana ni yangu na nakaa upande wa mlango, lakini nikila peke yangu bado naona niko dirishani, nawasikiliza wale watu wakibishana kuhusu bei ya mafuta, kuhusu wakwe zao, na kuhusu nani alikutana na nyati karibu na Burigi akarudi kinyumenyume hadi nyumbani.

Nilikuwa sisemi, lakini mikono yangu ilijifunza haraka. Kava la kiti cha nyuma ndilo linalompima fundi, kwa kuwa kile kiti ni kirefu, na leza ikikosea kidogo inafanya mikunjo kama uso wa bibi. Mama Evodia alinifundisha kuacha matundu marefu pale ambapo vifungio vya mikanda vinatokeza, kuyapinda kingo, na kuyashonea utepe. Kila tundu lilikula muda. Tena halikupendeza. Makombo ya mandazi yaliingia humo, na abiria walichokonoa kingo mpaka zikachanika. Siku moja tuliletewa gari dogo la Bazili, dereva aliyekuwa akipakia watu kati ya Rusumo na Biharamulo, la aina ambayo watu siku hizi huita mchomoko. Bazili alikuwa mtu wa usafi. Alifuta vioo hata mvua ikiwa inanyesha. Mama Evodia alikuwa ameenda Ngara mjini, nami nikafanya jambo ambalo hakuna aliyenituma. Nilivisukuma vile vifungio vya nyuma vikalala chini ya kiti, mikanda yenyewe nikaipeleka nyuma ya egemeo, kisha nikashona kava zima lisilo na tundu hata moja, jeusi, lenye uzi wa rangi ya damu ya mzee pembezoni. Nililivuta, nikalifunga kulabu, nikapiga gundi. Kiti kilikaa kama kimezaliwa na ngozi yake.

Bazili alipofungua mlango alifuta viganja kwenye suruali kabla ya kukigusa kiti. Kisha akaita wenzake. "Njooni muone sebule!" Madereva watatu wakaja, wakapapasa, mmoja akalala kabisa juu ya kiti na viatu vyake vikiwa nje. Mama Evodia aliporudi alipitisha kiganja, akauliza, "Matundu yako wapi?" Nikasema kwa sauti ndogo kwamba hakuna anayefunga mkanda nyuma, na hiyo ilikuwa kweli, sijawahi kumwona. Akatazama kiti, akanitazama mimi, akasema, "Umenizidi." Neno hilo lilinilisha wiki nzima. Tangu siku hiyo kila aliyekuja alitaka kava kama la Bazili, nami nikayashona. Nikikumbuka leo, ule ndio wakati niliofurahi kuliko wote, na ndio wakati niliokuwa nakosea kila siku kwa bidii. Nashangaa jinsi ambavyo mambo hayo mawili yaliweza kukaa kwenye mikono ile ile bila kugombana.

Ajali yenyewe haikuwa kubwa kama zinavyosimuliwa ajali. Bazili alikuwa akielekea Biharamulo, hajafika Lusahunga, asubuhi na mapema, na ukungu bado uko mabondeni. Ng'ombe akatoka kwenye majani. Bazili akakanyaga breki, gari likamgonga ng'ombe, likaenda kusimama kwenye mtaro, bila kupinduka. Nyuma ya Bazili alikuwa ameketi Bwana Felisiani, wakala wa forodha, mtu mnene mwenye vicheko, aliyependa kiti hicho ili atandaze karatasi zake. Bazili alikuwa amefunga mkanda. Felisiani hakuwa amefunga. Felisiani alivunjika pua na mbavu mbili, na Bazili, ambaye mkanda ulimshika barabara, akavunjika mtulinga, ule mfupa wa begani. Pale Rusumo watu walilizungumza jambo hilo kama kitendawili: aliyefunga mkanda kavunjikaje tena?

Jibu nililisikia nikiwa chini ya meza. Nilikuwa nimepiga magoti naokota mabaki ya leza, Felisiani akaingia na plasta puani, akaketi polepole kwa ajili ya mbavu zake, na Mama Evodia akampa chai. Alikuwepo pia dereva mmoja wa lori, jina lake Shija, Msukuma mrefu, aliyekuwa anasubiri pazia.

"Wakala," Shija akasema, "ng'ombe amekupiga pua ukiwa ndani ya gari?"

"Ng'ombe sikukutana naye. Nilikutana na kiti cha Bazili. Gari lilisimama, mimi sikusimama. Kiti kikalala mbele, na Bazili akanibeba mimi na kiti chake. Ndiyo maana kavunjika."

"Sasa nyuma si ndiko salama? Una kiti mbele yako kama ukuta."

"Ukuta unakukinga ukiwa umetulia. Ukiukimbilia kwa uso haukukingi."

"Mimi mkanda wa nyuma siutaki," Shija akasema. "Gari likitumbukia Kagera, umefungwa kama furushi, unatokaje?"

"Nimekaa Rusumo tangu sina mvi. Magari ya abiria niliyoyaona yakitumbukia mtoni nayahesabu kwa kidole hiki, na hiki kidole sijakikunja bado. Ya kugonga ng'ombe hata wewe unayo."

Mama Evodia akacheka. "Kwa nini basi wewe mwenye hekima hukufunga?"

Nilisikia kikombe kikiwekwa juu ya meza, juu ya kichwa changu. "Niliutafuta, mama. Ng'ambo ya daraja nimezoea, dereva wangu wa huko hawashi gari mpaka asikie tumefunga wote. Kwa hiyo nikapapasa. Nikapapasa huku, nikapapasa kule, nikakuta kiti laini kama kitanda cha wageni. Nikasema, kumbe hili gari halina mkanda nyuma. Nikatandaza karatasi zangu."

Shija akacheka, Mama Evodia hakucheka. Mimi nilibaki chini ya meza na ngumi ya mabaki ya leza mpaka walipoondoka wote wawili. Aliutafuta. Neno hilo moja lilinivua utetezi wangu wote, kwa sababu nilikuwa nimesema hakuna anayefunga, na kumbe yupo, na aliingiza mkono mahali ambapo mkono wangu ulikuwa umetangulia kuficha.

Kwa siku kadhaa sikusema kitu. Nilikula mwisho wa meza, nikatazama dirishani. Na huenda ningenyamaza hadi leo, kwa kuwa hakuna aliyeniuliza, hata Mama Evodia, ingawa nafikiri alikuwa amekwisha kujua na alikuwa ananingoja. Kilichonitoa ni harusi. Evodia alikuwa anaolewa Nyabusozi, Jumamosi iliyokuwa inakuja, na gari la kumpeleka lilikuwa lile lile la Bazili, limenyooshwa, limepakwa rangi, litaendeshwa na mdogo wake kwa sababu bega la Bazili lilikuwa halijapona. Mama Evodia akaleta robota la leza nyeupe aliyokuwa ameificha muda mrefu kwa ajili ya siku hiyo. Akaniambia, "Nivalishie kile kiti cha nyuma. Kiwe kama kitanda cha malaika." Kisha akatoka kwenda kutafuta kuku.

Niliitandaza ile leza. Nikachukua chaki ya fundi ili nichore vipimo, na mkono haukuchora. Barabara ilikuwa ile ile, ng'ombe wale wale, na nyuma angeketi Evodia, aliyekuwa akinipa nusu ya kanga zake na kunisemea dukani kila ulimi wangu ulipokwama. Nilijua nikimngoja mama yake arudi nimwambie kwa mdomo, sitamwambia. Basi nikaigeuza leza upande wa nyuma, ule wa kitambaa, nikaandika kwa chaki, herufi moja baada ya nyingine, nadhani ilinichukua muda wa kuchemsha maharage: Mama, mkanda Bwana Felisiani aliutafuta hakuupata kwa sababu mimi niliuziba. Na magari mengine nimeziba. Naomba la Evodia nisizibe.

Mama Evodia aliporudi, kuku wawili mkononi vichwa chini, alisoma akiwa amesimama. Alisoma taratibu, kwa kuwa naye shule yake ilikuwa kama yangu. Akaweka kuku chini. Mmoja akakimbilia chini ya cherehani na hakuna aliyemfuata.

"Kazi hii ulinionyesha," akasema, "nikaisifu. Niliuliza matundu yako wapi, ukanijibu, nikaridhika kwa sababu jibu lako lilinipunguzia kazi. Basi tuko wawili." Akavua kilemba akakifunga upya. "Lakini kwa Felisiani na Bazili mimi sikusemei. Nitakaa pembeni yako tu."

Jioni ile ile, jua bado halijazama, tukawaendea. Walikuwa kwa Bazili, wamekaa barazani kama wagonjwa wawili wa wodi moja. Nikawaamkia shikamoo, wakaitika marahaba, kisha nikasimama nikisokota pindo la kanga yangu mpaka Felisiani akasema, "Binti, kama umekuja kuomba mchango wa harusi, nimeshatoa." Nikasema. Nilisema nikitazama vidole vya miguu yangu, lakini nilisema yote. Felisiani alianza kucheka, mbavu zikamkataza, akashika ubavu akisema, "Mawe, mama yangu! Kumbe hii pua umeishona wewe!" Bazili hakucheka. Aliuliza, "Unajua nimekaa siku ngapi bila kuendesha?" Nikasema sijui. "Hujui," akasema, akageuka upande. Alikuwa na haki, na hakunisamehe siku hiyo wala wiki hiyo. Naliandika hili kwa sababu watu wakisimulia huruka sehemu hiyo wanafika kwenye vicheko. Lakini tulipokuwa tunaondoka alimwita Mama Evodia, akasema kwa sauti ya kuchukia, "Hayo matundu yafanyeni makubwa. Mtu apate hata kama havai miwani."

Nikayafanya makubwa. Nilitoa vifungio vyote vitatu chini ya kiti, nikavipangusa vumbi na ganda la karanga, nikapinda kingo za matundu kwa utepe mwekundu juu ya leza nyeupe. Hakikuwa kitanda cha malaika. Kilikuwa kiti ambacho mgeni akikitazama mara moja anajua mkono uende wapi.

Jumamosi, baada ya misa ya kumuaga Evodia, kwani ndoa yenyewe ilikuwa ifungwe Nyabusozi, gari lilisimama mbele ya kanisa limefungwa maua. Evodia alitakiwa kukaa nyuma ya dereva, katikati msimamizi wake, na upande wa pili shangazi yao Leokadia, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Shangazi akaona utepe mwekundu. "Hivi ni nini? Midomo?"

Wote wakanitazama mimi. "Ni mahali pa mikanda, shangazi," nikasema.

"Mikanda! Binti anayekwenda kwake hafungwi. Anayefungwa ni mbuzi." Wanawake wakapiga vigelegele, shangazi akazidi kupanda. "Nimesindikiza maharusi hadi Bisibo, sijaona aliyefungwa. Na gauni hili lililopigwa pasi tangu alfajiri?"

Mama Evodia akasema, "Gauni linapigwa pasi, wifi. Mtulinga haupigwi."

Ndipo Bazili akatoka kwenye kundi la watu, mkono umening'inia shingoni kwa kitambaa. Hakunitazama. Alimwamkia shangazi, kisha akasema, "Mimi nilifungwa. Sikuruka. Aliyeruka alikuwa nyuma yangu, akanivunja. Evodia anakaa nyuma ya mdogo wangu. Breki ikishikwa ghafla na hajafungwa, utakuwa umemwoza kwa mgongo wa dereva, mume bado anangoja Nyabusozi."

Vicheko vilimeza hata sauti ya kengele. Shangazi alijikaza, midomo ikamsaliti. "Haya, nifungeni na mimi. Lakini tukikaribia kwa wakwe mnifungue, nisionekane nimeletwa kwa pingu."

"Mpaka gari lisimame, shangazi," nikasema. Sijui sauti ile ilitoka wapi. Nikapiga magoti kwenye vumbi la kanisa na nguo yangu mpya, nikauvuta mkanda juu ya kifua chake, nikamwonyesha kwamba ule wa chini ukae kwenye nyonga, usikae tumboni. Nikamfunga msimamizi. Nikamfunga Evodia, nikiunyoosha mkanda chini ya shela lake, naye akaninong'oneza, "Devo, leo umesema maneno mengi kuliko mwaka mzima." Vifungio vikalia mara tatu. Bazili, aliyekuwa amesimama mbele ya gari amelizuia kwa mwili wake, akasogea.

Mimi sikwenda. Nilibaki kuosha masufuria, na simu ya Mama Evodia niliiweka kwenye mfuko wa aproni. Ililia alasiri. Ilikuwa sauti ya shangazi, akidhani anaongea na wifi yake. "Tumefika. Wali wao umeungua kidogo. Mwambie yule binti wa midomo sikufunguliwa, nimeshuka nikiwa nimekunjamana." Hiyo ndiyo habari yote ya safari ile. Ng'ombe hawakutoka. Breki haikushikwa. Watu wakiniuliza kama mikanda ile ilimwokoa Evodia, nasema hapana, siku ile haikuwa na kazi ya kufanya, ilikaa tu tayari. Anayetaka kujua kazi yake amwulize Felisiani, ambaye tangu hapo hakai nyuma ya mtu yeyote, pande zote mbili za daraja, bila kufunga kwanza. Na Bazili? Alirudi kuendesha wakati wa mavuno ya mahindi. Siku moja alisimamisha gari mbele ya karakana, akaniita dirishani, akasema, "Abiria wangu wa nyuma wananiuliza ule utepe ni wa nini. Nachoka kueleza." Akaondoka. Nilicheka peke yangu hadi jioni.

Miezi iliyobaki ya mwaka ule Mama Evodia alinipa wembe, uzi na utepe, akaniambia nifungue nilichofunga. Nilikwenda kwenye vituo vya magari Ngara, Benako, Lusahunga na Biharamulo. Madereva walinitania. Mmoja aliuliza kama fundi ameishiwa kazi hadi anachana ya zamani. Mwingine alinikatalia katakata, nikarudi mara tatu, mara ya tatu mke wake akanifungulia mlango wa gari. Kidogo kidogo, mtu ambaye alikuwa hawezi kununua chumvi bila kusemewa alijikuta anagonga vioo vya magari ya watu asiowajua. Mambo mengine ya maisha yangu, na hata kumjua mume wangu, yametokana na huko kugonga vioo.

Nililipata kila gari isipokuwa moja. Mwenye nalo wa kwanza aliliuza kabla sijamfikia, wakasema limekwenda upande wa Bisibo, kisha wakasema limeuzwa tena. Ni gari dogo jeupe, na kava lake la nyuma ni la rangi ya kahawia, limeshonwa kwa uzi wa njano mara mbili. Kazi nzuri, huenda bado linadumu. Kwa hiyo ninyi mnaosoma, naomba jambo moja. Nendeni kwenye gari lenu, au la jirani, au mnalopanda kwenda mnadani, mwingize mkono kati ya kiti cha nyuma na egemeo lake. Mkikuta kifungio kimelala chini, kitoeni, kisha niandikieni mmekuta nini. Na ukiona uzi wa njano mara mbili, usingoje. Mpe barua dereva yeyote anayekuja Rusumo, amwambie ni ya Devota wa makava, itanifikia. Niandikie gari liko wapi, nami nitakuja.